Barua ya wazi kwa wanaosimamia somo la bima ya maisha vyuoni: mwacheni mwanafunzi atengeneze jedwali la vifo mwenyewe

Kwa wakuu wa idara za hisabati na takwimu bima, wakuu wa vitivo mnaopitisha mitaala, na wajumbe wa kamati za mitihani.

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia kuhusu somo moja tu, hisabati ya bima ya maisha, na ombi langu nalo ni moja. Mwanafunzi asihitimu kabla hajatengeneza jedwali la vifo, yaani orodha inayoonyesha kwa kila umri wangapi hufa, kwa mikono yake, kuanzia kumbukumbu ghafi za watu, akalitumia kupanga premiamu (malipo ya mteja), kisha akaifuata premiamu hiyo mpaka kwenye akiba, yaani fedha zinazotengwa kulipia fidia za baadaye. Somo hili nimelisoma chuoni, na leo ndilo linaloniweka mjini: nafanya kazi kwenye kitengo cha akiba cha kampuni ya bima. Vijana mnaowahitimisha tunawapokea sisi. Wana akili, wana bidii, na fomula wanazo kichwani kuliko mimi. Lakini ukimuuliza mmoja wao jedwali analolitumia limetoka wapi, nani walihesabiwa na nani waliachwa, jibu huwa ni jina la faili.

Lawama si yao. Jinsi somo lilivyopangwa, jedwali huingia darasani likiwa limeshaiva. Mhadhiri anaeleza kwamba l ni idadi ya walio hai, d ni waliokufa, na q ni uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza mwaka mwingine. Kisha anafungua kiambatisho mwishoni mwa kitabu, na humo kuna watu 100,000 wanaoanza umri 0 na kupungua mstari hadi mstari mpaka wamekwisha. Kuanzia hapo ni aljebra tupu. Wiki zinapita kwenye safu za D, N, C na M, ambazo zilibuniwa enzi za kukokotoa kwa kalamu ili kumpunguzia mkokotoaji kazi ya kuzidisha. Nyingine zinapita kwenye kujua lini a, alama ya thamani ya mfululizo wa malipo, inawekewa nukta mbili kichwani na lini haiwekewi. Alama hizo zilikubaliwa kimataifa mwaka 1898 kwenye kongamano la London, nazo ni nzuri, mimi mwenyewe nazitumia kila siku ya kazi. Lakini kompyuta ya kawaida inakokotoa thamani za miaka mia moja kabla hujainua kikombe, na sioni kwa nini safu za D na N ziendelee kula nusu ya muhula.

Waanzilishi wa fani hii hawakuanza hivyo. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule yule ambaye jina lake limepewa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali lililotokana na daftari za vizazi na vifo za mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Daftari hizo, za mwaka 1687 hadi 1691, zilikusanywa na mchungaji Caspar Neumann. Halley hakuwa na sensa. Alikuwa na wastani wa vizazi 1,238 na vifo 1,174 kwa mwaka, pamoja na umri wa waliokufa, na ilimbidi achukulie kwamba mji umetulia, hauongezeki sana wala haupungui sana. Kutoka hapo akapata kwamba kati ya watoto 1,000 wa mwaka mmoja, 598 wanafika miaka 20, 346 wanafika 50, na 142 wanafika 70.

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alirudie kwa mkono wake. Alichukua riba ya asilimia 6 na kukokotoa thamani ya mkataba unaomlipa mtu fedha kila mwaka mpaka afe. Kwa mwenye miaka 20 alipata mara 12.78 ya malipo ya mwaka mmoja, na kwa mwenye miaka 70 alipata mara 5.32. Wakati huo huo serikali ya Uingereza ilikuwa ikiuza mikataba ya namna hiyo kwa bei ya mara 7, kijana na mzee bei ile ile. Kwa kijana serikali ilikuwa ikiuza karibu kwa nusu bei, na Halley aliligusia hilo katika andiko lake. Si fomula iliyomwonyesha tofauti hiyo. Ilitokana na mtu mmoja aliyekaa na daftari za mazishi akapanga namba.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo, maana nadhani baadhi yenu hamjawahi kuiona ikifanywa. Chukueni kumbukumbu moja ya kubuni. Mtu amezaliwa tarehe 12 Machi 1971, amekata bima tarehe 1 Julai 2015, na mkataba wake umesitishwa tarehe 30 Septemba 2019. Uchunguzi wetu unaanza tarehe 1 Januari 2016 na kuisha tarehe 31 Desemba 2020. Ili kupata kiwango cha vifo cha kila umri tunagawanya vifo kwa muda ambao watu waliishi wakiwa kwenye uchunguzi. Je, mtu huyu anachangia muda gani, na kwenye umri upi? Kwenye umri wa miaka 44 anachangia siku 71 tu, kuanzia Januari mosi hadi siku yake ya kuzaliwa, yaani kama 0.19 ya mwaka. Kwenye 45, 46 na 47 anachangia mwaka mzima mzima. Kwenye 48 anachangia kuanzia tarehe 12 Machi hadi 30 Septemba 2019, siku 202, kama 0.55 ya mwaka. Jumla inakaribia miaka 3.75, na hakuna kifo.

Hesabu hiyo ni ya darasa la saba. Ugumu unaanza ukiitazama kumbukumbu yenyewe kwa jicho la mashaka. Tarehe 30 Septemba ndiyo siku aliyoacha kulipa, au ni siku ambayo mfumo ulifunga mkataba baada ya muda wa kumsubiri kwisha? Kama ni ya pili, haiwezekani kuwa alifariki Agosti, familia haijui kwamba alikuwa na bima, na hakuna aliyekuja kudai? Kwenye faili anaonekana mtu mzima aliyejiondoa, kumbe ni marehemu. Na kama kweli aliacha mwenyewe, kwa nini aliacha? Anayejiona ana afya njema huona rahisi kuivunja bima yake. Anayejua kwamba ini lake limeharibika atakopa ili asikose malipo ya mwezi. Kwa hiyo wanaobaki kwenye daftari si sawa na walioondoka, na jedwali linalochukulia kwamba wako sawa lina kasoro tangu mstari wa kwanza.

Kuna na la mikataba miwili. Mtu mmoja akiwa na bima mbili na mkusanyaji akahesabu mikataba badala ya watu, kifo kimoja kinageuka viwili. Na kuna la umri, ambalo limewahi kutukesha ofisini mimi na wenzangu kwa jambo linaloonekana dogo kabisa: vifo vimepangwa kwa umri wa siku ya kuzaliwa iliyopita, ilhali muda wa walio hai umepangwa kwa siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi. Tofauti ni nusu mwaka. Lakini Benjamin Gompertz alionyesha mwaka 1825 kwamba kwa watu wazima hatari ya kufa hupanda kwa uwiano ule ule kila mwaka wa umri, na kwa majedwali mengi ya sasa uwiano huo ni kama asilimia 9 au 10. Nusu mwaka basi ni asilimia 4 au 5 ya kila kiwango kwenye jedwali, kuanzia juu hadi chini, na hakuna alama yoyote itakayowaka kuashiria kwamba kuna kosa. (Gompertz, kwa taarifa ya kamati za udahili, alifungiwa milango ya vyuo vikuu kwa sababu alikuwa Myahudi. Alijisomea mwenyewe.)

Baada ya kukusanya muda na vifo, mwanafunzi atakutana na tatizo ambalo hakuna kiambatisho cha kitabu kinachomwonyesha: namba zinarukaruka. Tuseme kwenye umri 43 ana miaka 1,500 ya watu (jumla ya muda waliochangia wote) na vifo 3, kwenye 44 ana miaka 1,480 na kifo 1, na kwenye 45 ana miaka 1,510 na vifo 5. Akigawanya atapata kwamba wa miaka 44 wana hatari ndogo mara tatu kuliko wadogo zao wa 43. Hakuna mwenye akili timamu atakayeuza bima kwa bei hiyo. Vifo 3 vinaweza kwa bahati tu kuwa 1 au 5, na hapa ndipo somo la takwimu alilofaulu mwaka wa pili linapopata kazi. Lazima alainishe, yaani azinyooshe namba hizo zipande taratibu bila kurukaruka. Alainishe kiasi gani? Akilainisha kidogo anabaki na kelele za bahati, akizidisha anafuta habari ya kweli. Gompertz anafaa kwa watu wazima lakini hafai kwa watoto wachanga, hafai kwa vijana wa kiume wenye umri wa ajali, na kwa wazee wa miaka mia mambo yanabadilika tena. Mwanafunzi aliyewahi kukwama hapo kwa wiki mbili, akabishana na mwenzake, akachagua na kuandika sababu za kuchagua, huyo mnileteeni leo.

Najua mtasema hayo ni mambo ya kazini, atajifunza huko. Sikubaliani, na sababu yangu ni ya kihisabati kabisa.

Wachukueni watu 1,000 wenye umri mmoja wanaonunua bima ya miaka mitatu. Akifa mtu, familia inalipwa 1,000. Riba tuiweke sifuri kwa sasa ili tusichanganyikiwe. Jedwali linasema watakufa 10 mwaka wa kwanza, 20 wa pili, 30 wa tatu. Fidia zote ni 60,000. Wanaolipa premiamu mwanzoni mwa kila mwaka ni 1,000, kisha 990, kisha 970, jumla malipo 2,960. Premiamu ya haki ni 60,000 gawanya kwa 2,960, yaani 20.27. Mwaka wa kwanza zinaingia 20,270, zinatoka 10,000, zinabaki 10,270. Hizo 10,270 si faida, ingawa nimeshuhudia wakurugenzi wakizitazama kwa macho ya faida. Ni mali ya wale 990 waliobaki, kila mmoja na 10.37 yake, kwa sababu wamelipa zaidi ya hatari ya mwaka huu ili wasilipe zaidi mwaka wa tatu. Mwaka wa pili zinaingia 20,067, zinatoka 20,000. Mwaka wa tatu akiba na premiamu zinakutana na fidia 30,000, na sanduku linabaki tupu. Hadi hapo kila mhadhiri wenu anafundisha, na wengi wanafundisha vizuri.

Sasa tuseme jedwali lilikosea. Waliokufa kweli ni 12, 24 na 36, kwa sababu walioacha kulipa walikuwa ndio wazima, au kwa sababu ya lile kosa la nusu mwaka likichanganyika na mengine. Mwaka wa kwanza zinaingia 20,270, zinatoka 12,000, zinabaki 8,270. Fedha zipo, hakuna anayeshtuka. Mwaka wa pili wanalipa watu 988, zinaingia kama 20,027, zinatoka 24,000, zinabaki 4,297. Fedha bado zipo. Mwaka wa tatu wanalipa 964, zinaingia 19,540, na fidia ni 36,000. Pengo ni 12,163, na limejitokeza siku ya mwisho.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo lakini lina namba zisizo zake. Hiyo ni bima ya miaka mitatu. Zinazouzwa ni za miaka ishirini, thelathini, au hadi kifo. Aliyekosea jedwali atakuwa amestaafu siku pengo linapoonekana. Kwenye fani nyingine kosa linamrudia aliyelifanya, naye anajifunza kazini. Kwenye yetu kazi haimfundishi mtu hilo kwa wakati, ndiyo maana pa kulifundishia ni darasani, ambako miaka thelathini inaweza kupita kwa saa moja na hakuna mjane anayekosa fidia.

Mfano wa ukubwa wa maisha upo. Equitable Life ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1762 ikitumia mawazo ya James Dodson, mwalimu wa hisabati aliyekataliwa bima kwa sababu ya umri wake akaamua kukokotoa premiamu inayofaa kila umri. Ndiyo iliyoonyesha kwamba premiamu isiyobadilika maisha yote inawezekana. Kampuni hiyo hiyo, kati ya mwaka 1957 na 1988, iliuza mikataba ya pensheni yenye ahadi ya kiwango cha chini cha malipo ya uzeeni. Baadaye riba zikashuka na watu wakaishi muda mrefu zaidi, na ahadi iliyoonekana ya bure ikawa mzigo. Julai 2000 mahakama ya juu ya nchi hiyo, iliyokuwa Baraza la Malodi, iliamua kwamba ahadi lazima iheshimiwe kama ilivyoandikwa. Desemba mwaka huo kampuni ilifunga mlango kwa wateja wapya. Hakuna fomula iliyokosewa pale. Kilichokosewa ni makadirio yaliyoingizwa kwenye fomula, na uamuzi wa kutoiwekea ahadi hiyo akiba mapema.

Nirudi kwenye ombi, niliseme kwa namna inayoweza kupitishwa kwenye kikao. Wiki za safu za D na N zipunguzwe ziwe moja, kama historia. Muda utakaopatikana upewe kazi ya jedwali: makundi ya wanafunzi watatu au wanne, faili la kumbukumbu chafu, na mwisho wake jedwali, premiamu ya bima moja, akiba yake mwaka hadi mwaka, na kurasa chache za kueleza waliamua nini na kwa nini. Kila kundi litetee kazi yake kwa mdomo. Kunakili fomula ni rahisi. Kueleza kwa nini umeitupa rekodi namba fulani si rahisi. Sehemu ya maswali iguse sheria pia, kwa sababu kuamua nani aingie jedwali lipi si hisabati peke yake. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 21 Desemba 2012, kampuni haziruhusiwi kumtoza mwanamke na mwanamume premiamu tofauti kwa sababu ya jinsia, ingawa majedwali yanaonyesha wazi kwamba wanawake huishi zaidi. Mwanafunzi aulizwe: utachanganya vipi majedwali mawili kuwa bei moja, na itakuwaje kama wateja wako wengi watatoka upande mmoja? Swali hilo halina jibu nyuma ya kitabu.

Pingamizi nazijua. La kwanza ni mitihani ya bodi za kitaaluma: mnafuata mtaala wao ili wahitimu wasamehewe karatasi kadhaa, na mnaogopa kugusa kitu. Msamaha huo ni muhimu kwa vijana, sitaki waupoteze. Lakini viwango vya vifo, kulainisha na kupima jedwali vimo kwenye mitaala hiyo hiyo. Vinafundishwa kwenye somo jingine, na mwalimu mwingine, muhula mwingine, bila neno moja la kuviunganisha na bima. Kuwakutanisha wahadhiri wawili hakuhitaji idhini ya bodi.

La pili ni data. Za nchi nzima zipo bure kwenye Human Mortality Database, ambako mtu anajiandikisha na kupakua vifo na idadi ya watu kwa umri na mwaka. Nyingi ni za nchi tajiri, na hilo lenyewe ni somo: jedwali la watu wa huko linamfaa nani kwingine? Kumbukumbu za wenye bima ni siri, na ziendelee kuwa siri. Lakini kampuni inaweza kutoa faili lisilo na majina wala namba za mikataba, na tarehe za kuzaliwa zikakatwa kubaki mwezi na mwaka. Isipotoa, faili la kubuni linatengenezwa na mtu mmoja kwa siku chache.

La tatu hamtalisema hadharani, kwa hiyo nitalisema mimi: baadhi ya wanaofundisha somo hili hawajawahi kutengeneza jedwali. Si aibu, nao walifundishwa hivyo hivyo. Mwiteni mtu wa kazini aje afundishe nao bega kwa bega kwa wiki chache, na mumlipe. Tafadhali hapo pa kumlipa msiparuke. Mhadhara wa hisani huja mara moja na slaidi za kujisifu, kisha haurudi.

Kwa upande wangu, faili la kubuni ninalo tayari. Lina kumbukumbu za wenye bima wasiokuwepo duniani, na ndani yake nimepanda makusudi watu wenye mikataba miwili, tarehe za kuzaliwa zilizoandikwa 1 Januari kwa sababu karani hakuzijua, marehemu waliosajiliwa kama walioacha, na mteja mmoja aliyekata bima siku tatu baada ya kufa. Idara yoyote itakayolitaka italipata bure, pamoja na majibu, kwa sharti kwamba majibu wanafunzi wasiyaone kabla hawajamaliza kubishana.

Wenu katika fani,

Mtakwimu wa kitengo cha akiba